Mnazi na Ndago: Maneno ya Mimea Miwili na Historia ya Ardhi ya Mombasa Bara

Makala haya yameandikwa na mwanafunzi wa lugha, wala si mtaalamu wa mimea. Yafaa jambo hilo lisemwe mapema, kwa kuwa mimea miwili itakayozungumzwa hapa, mnazi na ndago, kwa kawaida hukutana katika vitabu vya wataalamu wa mimea tu, na hata humo hutenganishwa na kurasa nyingi. Sisi tunaikutanisha kwa sababu nyingine. Katika ng'ambo tatu za Mombasa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, mimea hii imeishi katika udongo mmoja kwa karne nyingi, mmoja juu na mwingine chini. Hata hivyo, mmoja una msamiati unaoweza kujaza kurasa za kamusi, na wa pili una neno moja. Rai yetu ni kwamba tofauti hiyo haikuletwa na maumbile ya mimea pekee. Ililetwa pia na historia ya ardhi: nani aliruhusiwa kupanda, nani alilazimika kupalilia, na nani aliulizwa maneno wakati kamusi zilipokuwa zikitungwa.

Tuanze na maumbile yenyewe. Mnazi (Cocos nucifera) na ndago (Cyperus rotundus) ni ndugu wa mbali. Yote miwili ni mimea ya maua, na yote miwili imo katika kundi lile kubwa ambalo mbegu yake huchipua kwa jani moja, na majani yake huwa na mishipa iliyolala sambamba. Baada ya hapo nasaba zinaachana: mnazi ni wa ukoo wa mitende na mikindu, nao ndago ni wa ukoo wa mafunjo. Linnaeus aliipa yote miwili majina yake ya kitaalamu katika kitabu kimoja cha mwaka 1753. Msomaji asiyejishughulisha na mimea huenda akashangaa kusikia kwamba ndago si nyasi, na kwamba hata mnazi kuitwa mti ni jambo ambalo mtaalamu hulikubali kwa kusitasita. Shina la nyasi aghalabu ni la mviringo na lina uwazi ndani. La ndago lina pembe tatu nalo limejaa, na mtu akilizungusha baina ya vidole atazihisi pembe hizo mara moja. Mnazi nao haunenepi mwaka hadi mwaka kwa kuongeza tabaka za mbao kama ufanyavyo mwembe. Ukishafikia unene wake hubaki nao, ukirefuka tu kutoka kwenye kilele; na kilele hicho kikifa, mti wote umekufa.

Kilele cha ndago kikikatwa, kinyume chake, ndipo mambo yanapoanza. Chini ya udongo ndago hutandaza nyuzi zilizounganisha viazi vidogo vidogo, kama shanga katika uzi. Madhali uzi haujakatika, viazi vingi katika mkufu huo hulala. Jembe likipita na kuukata uzi, kila kipande hujiona ki peke yake, na viazi vilivyokuwa vimelala huamka na kuchipua. Hivyo kulima mara moja, tena kijuujuu, si kuiondoa ndago bali ni kuigawa. Dawa ya mkulima asiye na kemikali ni kurudi tena na tena, au kuitilia kivuli, kwa sababu ndago haistahimili kivuli kizito. Mnazi haitoi kivuli cha kutosha: makuti yako juu mno, na jua hupenya kati yake. Muhogo uliopandwa kwa kukaribiana chini ya minazi ndio unaoweza kuipunguza. Tunamwomba msomaji aukumbuke muhogo huo, kwani tutaurudia.

Sasa tuyatazame maneno. Msamiati wa mnazi unajulikana na wengi, lakini si vibaya kuupitia kwa haraka ili wingi wake uonekane. Ua ni upunga, nalo limefunikwa na karara. Tunda likianza ni kidaka. Likikua kidogo ni kitale. Likijaa maji ni dafu. Likianza kukauka ni koroma. Ndipo huwa nazi. Nazi iliyokaukia ndani ya kifuu ni mbata. Nyama yake hukunwa kwa mbuzi, ikatoa tui, na tui la kwanza, zito, lina jina lake peke yake, kasimile. Kinachobaki ni chicha. Ganda la nje ni kumbi, na makumbi hufukiwa katika tope la pwani mpaka yaoze, kisha yakapondwa na kusokotwa kamba. Jani ni kuti, na makuti yakisukwa kwa kuezekea huwa ya viungo au ya kumba. Anayeukwea mti kwa ajili ya tembo ni mgema, na kazi yake ni kugema. Anayeangusha nazi huangua, na anayeondoa kumbi hufua. Kila hatua ya maisha ya tunda ina jina, na kila tendo lina kitenzi chake.

Ndago ni ndago. Jani lake ni ndago na kiazi chake ni ndago. Hapa pana jambo la sarufi linalostahili kuangaliwa. Kiswahili hutenga mti na tunda lake kwa ngeli: mnazi na nazi, mwembe na embe, mchungwa na chungwa. Mmea wowote wenye sehemu inayotafutwa na watu, ukiwa mkubwa au mdogo, huelekea kuingia katika ngeli ya m-/mi-, ndiyo maana mpunga, mtama na mchicha zimo humo pamoja na mvule. Ndago imebaki nje, pamoja na kwekwe, nyasi na gugu. Hatudai kwamba hii ni kanuni. Mchongoma na mkoko zinatosha kuivunja, na mafunjo yametumika sana bila kupata m- hiyo. Lakini mwelekeo upo. Lugha haikuona haja ya kumtenga mzazi na mtoto pale ambapo wote wawili wanatakiwa waondoke shambani.

Lakini ni neno lipi lenye umri mkubwa zaidi katika pwani hii? Yapo maneno yanayofanana na ndago katika lugha kadhaa za Kibantu za bara, mbali na bahari, nazo huyatumia kwa mmea huo huo au jamaa zake. Hii ni dalili kwamba wasemaji walikuja pwani wakiwa nalo tayari. Nazi ni mgeni zaidi. Wapo wanaolihusisha neno hili na jina la Kiajemi na la Kihindi la tunda hilo, na hata kama hatukubali kila hatua ya hoja yao, hatuna budi kukubali kwamba mnazi wenyewe ulifika Afrika Mashariki kwa njia ya bahari. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia inatokana na makundi mawili, la Bahari ya Hindi na la Pasifiki, na kwamba katika visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi makundi hayo yamechanganyika, jambo linalonasibishwa na safari za kale za mabaharia wa Kiaustronesia. Al-Masudi, aliyeandika katika karne ya 10, anaitaja nazi miongoni mwa vyakula vya Wazanji. Ugeni huo, basi, ni wa zaidi ya miaka elfu.

Wala ndago haikuwa gugu siku zote na kila mahali. Mabaki ya meno ya watu waliozikwa Al Khiday, karibu na Khartoum, yaliyochunguzwa na matokeo yake kutangazwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba watu wa huko walikula viazi vya ndago kwa maelfu ya miaka, kabla na baada ya kuanza kilimo. Waarabu huiita su'd, na tangu kale imo katika vitabu vyao vya utabibu. Wahindi nao huiweka katika dawa na manukato kwa ajili ya harufu ya kiazi chake. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba mnazi ni mmea wa manufaa kwa asili na ndago ni mmea wa hasara kwa asili. Ugugu ni cheo ambacho mmea hupewa na mwenye shamba.

Tukilitaja shamba tunafika penye kiini cha mada. Katika karne ya 19 mashamba ya ng'ambo za Mombasa yalikuwa kwa sehemu kubwa mali ya watu wa kisiwani: Waswahili wa Thenashara Taifa, ambao Wachangamwe ni mmojawapo wa mataifa yao, pamoja na Waarabu wa Kimazrui na wengineo. Wamijikenda walipakana nao na kuingiliana nao, kwa biashara, kwa ndoa na kwa udhamini, kama alivyoeleza Justin Willis katika kitabu chake cha 1993. Kazi ya jembe ilifanywa zaidi na watumwa. Mtumwa wa shamba alipimiwa ngwe, yaani kipande cha ardhi kilichopimwa kwa kamba, nacho kilikuwa ndicho kipimo cha siku yake. Huo ni msamiati wa upande wa pili, nao si haba: kupalilia, kulimia, kukwatua, kutifua, kung'oa. Tofauti ni kwamba huu ni msamiati wa vitenzi. Mnazi umepewa nomino kwa kuwa ulihesabiwa, ukauzwa, ukarithiwa na kuwekwa wakfu. Ndago haikuhesabiwa na mtu. Ilijulikana kwa kile ambacho mikono ya watu iliifanyia.

Na kuhesabiwa kwa mnazi hakukuwa jambo dogo. Katika pwani hii shamba lilitajwa kwa idadi ya minazi yake kabla halijatajwa kwa ukubwa wake. Mtu alikuwa na shamba la minazi mia au mia mbili. Kwa mujibu wa desturi na sheria iliyofuatwa, mti uliweza kuwa mali ya mtu mmoja na udongo ulio chini yake ukawa mali ya mwingine. Aliyepanda kwa idhini alikuwa na haki katika alichokipanda. Mnazi mrefu wa pwani yetu huchukua miaka 6 hadi 10 kabla ya kuzaa vizuri, kisha huzaa kwa miongo mingi, hata ukawapita umri waliokula yamini juu yake. Kwa hiyo mnazi ulikuwa shahidi. David Parkin, aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wagiriama wa Kaloleni, alikiita kitabu chake cha 1972 kwa jina linaloweka pamoja minazi, tembo na mashahidi, na sababu ni hiyo hiyo: pale pasipo na hati, mti na mzee aliyeshuhudia kuuzwa kwake ndio walioshikilia habari za umiliki.

Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao. Mwaka 1907 utumwa ulikoma kutambuliwa kisheria katika pwani ya Kenya, na mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani. Kila mwenye madai alitakiwa kuyaleta na kuyathibitisha; ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Miaka hiyo miwili, 1907 na 1908, aghalabu husomwa mbalimbali, moja katika historia ya utumwa na nyingine katika historia ya sheria. Yafaa isomwe pamoja. Mtu aliyeachiliwa mwaka wa kwanza alikuwa na muda mchache mno wa kuwa mwenye madai katika mwaka wa pili, na ushahidi wa mikono yake haukuonekana popote. Minazi ilionekana. Ngwe alizozipalilia kwa miaka ishirini zilikwisha kuota ndago tena.

Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1980 juu ya watumwa waliogeuka maskwota, ameonyesha vizuri jinsi mambo yalivyoendelea. Wenye mashamba wengi hawakuwa na fedha za kuajiri vibarua, na walioachiliwa huru hawakutaka kurudi katika kazi ya zamu. Yakafikiwa mapatano yasiyoandikwa. Mtu alikaa shambani, akalima muhogo, mahindi au kunde chini ya minazi, akalipa kodi ndogo au asilipe kabisa. Mwenye shamba alipata minazi yake isisongwe na magugu, na pia akapata mtu wa kuishuhudia kuwa ni yake. Hapa ndipo muhogo wetu unaporudi. Muhogo wa mpangaji ulikuwa chakula chake, na wakati huo huo ulikuwa kivuli kilichoizuia ndago ya mwenye shamba. Lakini mpangaji huyo alikatazwa jambo moja: asipande mti. Muhogo huvunwa ukaisha. Mnazi hubaki ukasema. Kumruhusu mpangaji apande minazi mitano ni kumruhusu awe na mashahidi watano.

Kwa maoni yetu hilo ndilo linalofafanua hali ya msamiati kuliko maelezo yoyote ya umbo la mmea. Mtu aliyekatazwa mnazi ndiye aliyeijua ndago. Alijua inatoka lini, katika udongo upi, na jembe lipi linaichochea badala ya kuiua. Na mtu huyo siye aliyekaa na watunga kamusi. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na Sheikh Ali bin Mueddin, kadhi wa mji. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882. William Taylor, mkusanyaji wa methali, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1891, alijifunza mengi kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Hawa walikuwa wanazuoni wa mjini, na lugha ina deni kubwa kwao. Ni haki pia kukumbuka kwamba Krapf aliishi Rabai akasikiliza watu wa kijijini. Lakini msingi ukishawekwa mjini, kamusi zilizofuata, ya Johnson na ya Sacleux za mwaka 1939, hata ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya mwaka 1981, zilijengwa juu yake. Kidaka na kitale vina vidahizo vyake. Ndago aghalabu hupata mstari mmoja, kwamba ni aina ya gugu. Methali nazo zimefuata njia hiyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nazi mbovu harabu ya nzima. Nazi haishindani na jiwe. Asemaye katika methali hizi ni mtu mwenye nazi, au walau anayeinunua.

Hatuna budi hapa kutaja jambo ambalo huenda likaonekana ni mchezo wa maneno, lakini limo katika lugha yenyewe. Hati huandikwa kwenye karatasi. Neno karatasi limetokana na Kiarabu qirtas, nalo latokana na Kiyunani khartes, ambalo lilikuwa jina la ukurasa uliotengenezwa kwa mafunjo ya Misri. Mafunjo ni Cyperus, jamaa wa karibu kabisa wa ndago. Kwa maana hiyo hati iliyompa mwenye minazi shamba lake imebeba katika jina la karatasi yake kumbukumbu ya ukoo wa gugu. Na mpalizi naye alipata karatasi yake: kibarua, barua ndogo, ndiyo iliyotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, mpaka jina la karatasi likamwangukia mtu mwenyewe. Mmoja aliitwa mwenye hati. Mwingine akawa ni hati yenyewe, tena ndogo.

Karne ya 20 iliyabadilisha mashamba haya kwa njia tofauti katika kila ng'ambo. Kisauni ilikuwa na kijiji cha Freretown, kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Humo watu wasio na nasaba ya pwani walipata mahali pa kujenga na kulima. Nyali, jirani yake, iliingia mkonge, na daraja la kuelea la mwaka 1931 liliiunganisha na kisiwa hadi lilipojengwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 1980. Changamwe ilikwenda upesi zaidi, ikapata reli, kisha viwanda, na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofanya kazi tangu 1963 hadi 2013. Likoni ilibaki nyuma ya kivuko, na minazi yake ilidumu zaidi. Huko Likoni ndiko mashaka ya ardhi yalikotokea hadharani. Ghasia za Agosti 1997 zilikuwa na sababu nyingi za kisiasa ambazo si kazi ya jarida hili kuzipima, ila hapana anayeweza kuzisimulia bila kulitaja neno ardhi. Januari 2016 Serikali ilianza kutoa hatimiliki kwa wakazi wa shamba moja kubwa la huko, lenye ekari 930, ambalo walikuwa wamelikalia kwa miaka mingi na ambalo lilikuwa na mwenyewe kisheria.

Katika kipindi hiki chote desturi ile ya kale haikufa. Ilihamia kitu kingine. Wapangaji wa mashamba walipoongezeka na mji ukavuka maji, wenye ardhi waliwaruhusu wajenge kwa kulipa kodi ya ardhi, bila kuwauzia udongo. Likatokea lile ambalo Mombasa huitwa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mtu mmoja, na mahali ziliposimama ni pa mwingine. Nyumba hizo huuzwa, hurithiwa, hupangishwa vyumba. Watu wa sheria wameziona kuwa kioja. Mwanafunzi wa lugha hana haja ya kushangaa, kwa kuwa mantiki yake ni ya mnazi neno kwa neno: kilichosimama ni cha aliyekisimamisha, na kilicho chini si chake. Mpangaji aliyekatazwa kupanda mti aliruhusiwa, vizazi viwili baadaye, kupanda nyumba. Nyumba ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa ya udongo na fito, imeezekwa kwa makuti yaliyonunuliwa kutoka kwenye minazi ya mwenye shamba, nao uwanja wake wa mbele ulikwatuliwa kila asubuhi.